Mashoto wa Timu ya Chini

Wiki iliyopita tulikwenda kumzika mama mmoja wa kanisani kwetu, na mimi nikawatia watu wasiwasi. Hapa Johannesburg, rafiki yangu, mtu akizikwa wanatandaza zulia la nyasi za plastiki kando ya kaburi, kijani kibichi, ili udongo usichafue viatu vya waliokuja kulia. Mvua ilikuwa imenyesha kidogo. Mchungaji anaomba, watu wameinamisha vichwa, mimi nikainama mpaka chini kabisa, nikalishika lile zulia lenye maji, kisha nikanusa vidole vyangu. Waliokuwa karibu wakanidaka mabega. "Pole Bibi, jikaze." Walidhani huzuni imenielemea. Wala! Nilikuwa nasikia mpira mgumu unagonga mti: ko! Nilikuwa nimerudi kwenye uzio wa waya, mwaka ule wa Kombe la Dunia, nawatazama watoto wa timu ya chini.

Ngoja nikueleze vizuri, maana nikianzia katikati utapotea.

Tulikuwa tunakaa Troyeville, kwenye nyumba ya zamani ya matofali iliyokatwakatwa vyumba kama mkate. Mbele walikaa Wakongo. Katikati alikaa mzee mmoja wa Tanga, fundi viatu, mtu wa maneno mengi. Nyuma kabisa, karibu na bomba, mimi na mjukuu wangu. Mama yake, binti yangu, alikuwa anafanya kazi za ndani kwa watu huko upande wa matajiri, analala huko huko, kuja kwake ni Jumapili mojamoja. Kwa hiyo mtoto nilimlea mimi. Baridi ya hapa huijui kama hujaamka nayo alfajiri. Bomba linaganda, unalimwagia maji ya moto ndipo likohoe. Moshi wa makaa unakaa mtaani chini chini kama ukungu. Kabla jua halijatoka mafuta yangu ya maandazi yalikuwa yameshaanza kuimba kwenye karai, na mjukuu wangu amesimama mezani na macho yake ya usingizi, anakata unga. Na anakata kwa mkono wa kushoto.

Hapo ndipo penye ugomvi wetu.

Kwetu Burundi, kule Rumonge nilikokulia, mkono wa kushoto hauingii kwenye sahani, hausalimii, haupokei kitu, wala haumpi mkubwa kitu. Bibi yangu mimi akiona mtoto ananyoosha kushoto alikuwa anauliza, "Na huyo wa chooni naye kaja kula?" Kabla hujajibu, mwiko umeshafika. Ndivyo nilivyolelewa, na mjukuu nikamlea hivyo hivyo. Alipokuwa mdogo nilimfunga kitambaa mkono ule wakati wa kula. Nikigeuka kuchukua chumvi, nikirudi, kijiko kimehama. Sijutii, usinitazame hivyo. Mtoto akimpa mtu mzima maji kwa kushoto, watu hawaulizi mtoto ana nini. Wanauliza bibi yake alikuwa wapi.

Basi siku moja, ameshakuwa msichana wa kuvunja ungo, anarudi kutoka shuleni na gongo mkononi.

Nikapiga kelele mpaka Wakongo wakatoka nje. Wewe kumbuka, miaka miwili nyuma yake tulikuwa tumeona magongo. Zile vurugu zilizoanza Alexandra zilitufikia na sisi mjini. Wanaume walipita barabarani wanaimba, magongo juu, wanatafuta wageni, na sisi tukakimbilia kulala kwenye sakafu ya kanisa na watoto wetu. Sasa mtoto wangu mwenyewe ananiletea gongo chumbani!

"Toa hicho kitu nje!"

"Eish, Bibi! Ni ya kucheza. Ni ya hoki. Shule imenipa." Kiswahili chake kilikuwa hicho hicho cha kuokota okota, Kizulu na Kiingereza ndivyo vilivyomjaa mdomo.

Mzee wa Tanga akaja na kiatu cha mtu mkononi. "Bibi, tulia. Huo ni mpira wa magongo. Lakini nimesikitika. Kwetu gongo ni ile pombe kali inayopikwa vichakani. Sisi tunasubiri angalau tuoe ndipo tuanze gongo, huyu wako kaanza na sare ya shule!" Akacheka peke yake mpaka akakohoa.

Mjukuu wangu aliona nimeanza kulegea, akaongeza neno moja, na neno hilo ndilo lililomfungulia mlango. Alinionyesha kile kichwa cha gongo kilichopinda. Upande mmoja bapa, upande wa pili mviringo. Mpira unapigwa kwa ule bapa tu.

"Bibi, angalia. Yote ni ya kulia. Dunia nzima, ya kushoto hakuna. Kocha amesema ni sheria."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna. Refa atakutoa."

Rafiki yangu, nilishukuru kwa sauti. Nikasema leo Wazungu wamepata akili, wametunga mchezo wenye adabu! Kitambaa kimeshindwa, mwiko umeshindwa, mpira utanisaidia. "Nenda ukacheze," nikamwambia. "Tena usikose hata siku moja."

Uwanja ulikuwa mwendo wa kutembea kutoka kwetu, wa klabu moja kubwa. Klabu hiyo ilikuwa na timu ya wanawake wakubwa, watu wa kutazamwa, wanacheza ligi ya juu. Chini yao walikusanya wasichana kutoka shule za pale karibu, ndiyo timu ya chini, kitalu chao. Anayechipua vizuri anang'olewa, anapandwa juu. Mara ya kwanza nilipokwenda, nikakuta wanamwagilia uwanja. Nikainama nikashika: plastiki! Sisi nyumbani bomba limeganda, hapa wanamwagilia maji nyasi za plastiki. Nikauliza kama zinaota. Mjukuu wangu akafunika uso.

Kumbe bila maji mpira hauendi, unarukaruka. Nilijifunza. Jumamosi zote za baridi ile nilisimama kwenye uzio, blanketi mabegani, beseni la maandazi miguuni, nikijifunza mchezo kwa macho maana mdomo wa kuuliza sina.

Na timu yetu ilikuwa inafungwa! Usidhani nakusimulia habari za mabingwa. Mechi ya kwanza walifungwa mpaka golikipa wetu, mtoto mnene aliyevaa magodoro miguuni, akakaa chini katikati ya goli akagoma kunyanyuka. Ya pili mvua ya mawe iliwaokoa. Ya tatu walifungwa na watoto wadogo kuliko wao. Halafu wakirudi pembeni, wamelowa, magoti yamechubuka kwa lile zulia, wanaimba! Wanaimba kama walioshinda. Nilikuwa nawauliza, "Mnaimba nini, nyie?" Wanasema, na gogo kwa Kizulu ni bibi, "Gogo, leo tumefungwa machache kuliko juzi."

Mjukuu wangu mechi hizo alikaa benchi. Aliyekuwa anang'aa ni msichana mmoja mrefu, mtoto wa watu wenye nafasi, ana gongo lake mwenyewe, viatu vyake mwenyewe, na baba anayekuja na gari na sanduku la machungwa. Alikuwa na mbio, haki yake nampa, lakini kuinama hataki. Kiuno kimenyooka kama mlingoti. Nilikuwa namwita Mnara.

Mechi ya nne Mnara aliumia kidole, kocha akamwita wangu. Loo! Sijui nikueleze vipi. Mpira ulikuja upande wake wa kushoto, upande ambao wenzake wote walikuwa wanazunguka kwanza, wanapoteza wakati. Yeye hakuzunguka. Aligeuza gongo kichwa chini, wima, akaukata mpira kutoka kushoto kama anayekata unga wa maandazi. Ko! Ukaingia golini kabla golikipa wao hajafumba mdomo. Nikapiga vigelegele mpaka beseni likapinduka.

Kisha nikamsikia kocha anavyopiga kelele. Kocha alikuwa mama wa Kizungu aliyezaliwa shambani, anavaa kaptula kwenye baridi ile, na Kizulu chake kizuri kuliko changu mara mia. Anasema kwa Kizulu, "Mkono wa kushoto! Hivyo hivyo! Wape mkono wa kushoto!"

Vigelegele vikanikauka. Nilimngoja mpaka filimbi ya mwisho, nikamfuata.

"Mama," nikamwambia, "wewe unamfundisha mtoto wangu nini?"

"Gogo, ni wako yule? Ana mkono wa dhahabu."

"Mkono upi?"

Akachukua gongo akanionyesha. Na mimi, rafiki yangu, Jumamosi zote zile sikuwa nimeona! Wa kushoto unakaa juu kabisa, mwishoni mwa mpini. Wa kulia unakaa chini. "Huu wa kulia ni punda," akasema, "kazi yake kusukuma. Wa kushoto ndio unaogeuza, unaoamua. Watoto wote hawa nawafundisha mkono wa kushoto miezi na miezi. Wako amekuja nao kutoka nyumbani."

"Nyumbani kwangu haujatoka," nikamwambia. "Nyumbani kwangu mkono huo ulifungwa kitambaa."

Alinitazama vile wanavyokutazama ukisema Kizulu kimekushinda. Nikaondoka na beseni langu. Nyumbani nikamwambia mtoto, "Kumbe mmenizunguka! Mchezo wote ni kushoto! Sasa sikiliza. Uwanjani sitaingia, lakini mimi nikiwa pale kwenye waya, usinionyeshe mkono huo mbele za watu." Alimaliza ugali wake kwa kulia, polepole, kama mgonjwa.

Tangu siku hiyo mambo yakawa hayaeleweki. Jumamosi nikiwapo, mjukuu wangu anacheza kama anashika ufagio wa mtu mwingine. Jumamosi nikiwa na kikao cha kanisa, anarudi nyumbani macho yanawaka, na mzee wa Tanga, ambaye sasa alikuwa anakwenda kutazama kuliko anavyoshona viatu, ananiambia, "Bibi, leo umekosa! Kafunga, tena kwa ule wa chooni!" Na timu ikaanza kupata pata. Wakatoa sare. Wakashinda moja, wakachanganyikiwa, hawakujua waimbe nini.

Ndipo likaja neno: baridi ikiisha, timu kubwa inachukua mtoto mmoja kutoka chini. Mmoja tu. Ni Mnara au ni wangu. Mechi ya mwisho ndiyo itakayoamua, kocha wa timu kubwa atakuja mwenyewe.

Na mechi hiyo, wewe, ikaangukia Jumamosi ile ya baada ya Kombe la Dunia kwisha.

Kama hukuwa hapa mwaka ule, hutajua. Mwezi mzima tulicheka na wenyeji, bendera kila dirisha, vuvuzela asubuhi vuvuzela jioni, tunaitana ndugu. Lakini chini chini kulikuwa na neno jingine linatembea. Ulilisikia kwenye foleni ya zahanati, ulilisikia dukani. Mwanamke aliyekuwa ananunua maandazi yangu kila siku aliniambia huku anatafuna, bila chuki, kama anayenipa habari ya mvua: "Gogo, mpira ukiisha, na nyie mnakwisha. Fungasheni." Wakongo wa mbele walifunga mabegi yao, wakaondoka. Chumba chao kikabaki wazi, mlango unapigapiga. Sauti za vuvuzela zilipokoma, mtaa ukanyamaza, na unyamavu ule ulikuwa mbaya kuliko kelele.

Binti yangu akapiga simu. "Mama, msitoke nje. Jumamosi mkae ndani, mfunge mlango."

"Mtoto ana mechi."

"Mama! Mechi ya nini? Kwa ajili ya kijiti hicho mtauawa?"

Mjukuu wangu alikuwa anasikia yote. Hakulia, hakuomba. Alilichukua gongo lake, akalisukuma chini ya kitanda mpaka ukutani, akarudi kukata unga. Mtoto akilia unamnyamazisha. Huyu aliyenyamaza mwenyewe ndiye aliyenishinda. Nikajiambia, mimi nimekimbia Burundi nikaacha nyumba, nimekimbia chumba nikalala kanisani. Na Jumamosi hii nikimbie tena? Mnara atachukua nafasi kwa sababu baba yake ana gari?

"Litoe," nikamwambia. "Tunakwenda."

Lakini utapita vipi mtaani na gongo siku kama ile? Ukikutana na wenye hasira, watasema umekuja kupigana. Nikawaza. Nikachukua blanketi, nikalipandisha lile gongo mgongoni, nikalifunga kwa mbeleko kama mtoto mchanga, kitambaa kingine kikafunika juu. Kile kichwa chake kilichopinda kikatokeza ubavuni kwangu kama mguu mdogo. Nikalivika soksi. Mjukuu wangu akanitazama, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu. "Bibi, mtoto anafanana na wewe."

Tukatoka asubuhi jua limeshapanda. Maduka mengi yamefungwa. Pale kwenye roboti, zile taa za kuongozea magari, tukakuta wanaume wameuzunguka moto kwenye pipa lililotobolewa. Barabara nyingine hakuna. Mmoja akatuona, akasogea katikati ya njia.

"Sanibonani, Gogo. Mnatoka wapi?"

Kizulu changu kingenichongea kwa neno la kwanza. Nikafungua mdomo kama samaki. Mjukuu wangu akanitangulia, Kizulu chake cha mtaani kinateleza kama mafuta. "Gogo wangu ni bubu, baba. Tunampeleka mtoto kwa mama yake."

Nikawa bubu. Nikatikisa kichwa.

"Bubu?" Akanizunguka, akaja nyuma yangu. Nikahisi macho yake kwenye blanketi. "Mbona mtoto katulia hivi? Mbona mwembamba?"

"Anaumwa surua."

"Hebu nimwone."

Jasho linanishuka kwenye baridi ile. Mjukuu wangu akaweka mikono kiunoni, akamjibu kama mtoto wa pale pale, "Mwone, baba. Amelala sasa hivi tu, usiku kucha kapiga kelele. Ukimwamsha utambeba wewe mpaka afike."

Wenzake pale motoni wakaangua kicheko. "Muachie, wewe! Wako nyumbani amekushinda!" Yule mtu akacheka naye, akapisha. Akaishika ile soksi kidogo kwa vidole viwili, akasema, "Ana miguu ya baridi, Gogo. Mfunike."

Mpaka leo sijui kama walikuwa watu wabaya au walikuwa wanaota moto tu. Ndivyo wiki ile ilivyokuwa. Ulikuwa humjui mtu mpaka umempita.

Tulifika uwanjani nimelowa jasho. Mechi ikaanza. Na mjukuu wangu, baada ya yote hayo, akacheza vibaya! Ufagio wa mtu mwingine tena. Mpira unakuja kushoto kwake, anazunguka, anapokonywa. Anatupa jicho kwenye waya, ananiona, anapokonywa tena. Mnara anakimbia tu na kiuno chake kilichonyooka, kafunga moja. Kocha wa timu kubwa kasimama pembeni, mikono mfukoni, anamtazama Mnara.

Filimbi ya mapumziko ilipolia kocha wetu alinijia moja kwa moja.

"Gogo, nakuomba. Nenda kasimame nyuma ya choo."

"Nini?"

"Wewe ukiwapo, ule mkono unakufa. Msimu mzima nimeona. Usipokuja, anacheza. Ukija, anakutazama wewe, si mpira."

Damu ikanipanda. Mimi! Nimebeba gongo mgongoni, nimelivika soksi, nimejifanya bubu mbele ya wanaume, halafu nikasimame nyuma ya choo? Nilikuwa na jibu, tena baya. Lakini nikamwona mjukuu wangu kwa mbali, amekaa peke yake, mikono yote miwili ameikalia.

Kwenye mchezo ule, mapumziko watoto hupewa vipande vya machungwa. Mimi maandazi yangu kocha aliyakataza zamani, eti mafuta yatawazamisha, kwa hiyo nilikuwa nanunua machungwa kama wengine. Nikachukua kipande. Nikamwita. Akaja anaburuta miguu, akasimama upande wa pili wa waya, pale penye tundu, akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kwa adabu zote nilizompa.

Nikakihamisha kipande. Nikampa kwa kushoto.

Akautazama mkono wangu. Akanitazama usoni. "Bibi," akasema taratibu, kama anayemsaidia mzee aliyesahau, "huo ni kushoto."

"Kushoto na kulia nimevijua kabla mama yako hajazaliwa. Pokea."

Akasogeza wa kulia.

"Si huo. Pokea kwa wako."

Sijawahi kumpa mtu kitu kwa mkono ule maishani mwangu, wala mbwa. Ulikuwa kama wa kuazima. Yeye akautoa wa kwake, polepole, anangoja mwiko. Akakipokea. Vidole vyake vilikuwa baridi kama bomba letu la alfajiri. Akakila pale pale, na maganda karibu ayameze.

"Nenda," nikamwambia. "Na mimi sihami hapa. Niangalie ukitaka, nitakuwa nakutazama mkono huo huo."

Kipindi cha pili, rafiki yangu, ndicho ninachokufa nacho. Mpira wa kwanza ulikuja kushoto. Hakuzunguka. Akageuza gongo, akaukata, akapita wawili. Wa pili, akampa Mnara, Mnara akakosa. Wenzake wakaamka, hata mtoto wa magodoro golini akawa anaruka. Wapinzani walituzidi bao moja, muda unakwisha, refa anatazama saa yake, mimi nimeuma pindo la blanketi. Ikapigwa kona. Mpira ukatoka, ukagonga gongo la mtu, ukaruka nyuma ya mjukuu wangu, upande wa kushoto, mahali ambapo mtu wa kulia hana la kufanya. Alijikunja mpaka goti likagusa maji. Ko!

Ulipita katikati ya miguu ya golikipa wao. Sikupiga vigelegele. Nilikaa chini.

Wale wengine wakafunga tena dakika za mwisho, maana timu ya chini haikuacha mila yake. Tulifungwa. Waliimba. Na katikati ya kuimba kwao yule kocha wa timu kubwa akatoa mikono mfukoni, akauliza, "Yule mashoto ni mtoto wa nani?"

Golikipa wetu akanyoosha kidole kwenye waya. "Wa Gogo."

Walimchukua. Baba yake Mnara alikuja kunipa mkono, mtu muungwana, akaturudisha nyumbani kwa gari lake, na Mnara amekaa nyuma na mjukuu wangu, wanagawana chungwa. Mtaani kwetu wale tuliowaogopa hawakuja. Kwingine walikwenda. Sisi tulipona, na mpaka leo hatujui kwa nini.

Msimu uliofuata nikaketishwa kwenye viti. Ndiyo, viti vya timu kubwa, vya plastiki, na mtu wa kukuonyesha ukae wapi. Mjukuu wangu chini kule na jezi inayomfika magotini, anacheza na wanawake wazima, wanampigia makofi. Nilijivuna, nisikudanganye. Nilimwambia kila aliyekaa karibu. Lakini viti viko mbali. Ile ko! ya mpira haifiki. Hakuna anayekuomba chungwa. Wakifungwa wananuna, wanapanda magari yao, kila mtu na lake.

Basi nikaanza kutoroka. Mechi ikifika katikati nashuka, nazunguka kule nyuma, kwenye kiwanja cha timu ya chini, nasimama na blanketi langu, nawakaripia watoto wa watu: "Inama, wewe! Kiuno!" Walikuwa wapya, hawanijui, lakini walikuwa wanafungwa vizuri kabisa, na wanaimba. Nilifanya hivyo mwaka mzima na zaidi.

Kisha Jumamosi moja nikakuta lango limefungwa kwa mnyororo. Zulia lile limekauka, limepauka, hakuna aliyelimwagilia. Mlinzi akaniambia klabu imeiacha timu ya watoto, haina tena nguvu ya kuwalea. Mnara wazazi wake walikuwa wameshahamia Cape Town. Yule wa magodoro sikupata kujua alikokwenda. Kocha alirudi shambani kwao. Mimi nikabaki nimeshika waya.

"Gogo," mlinzi akaniuliza, "unamtafuta nani?"

Nikageuka kule kwenye viti vya timu kubwa. Kutoka pale tuliposimama tulikuwa tunasikia makofi ya upande wa pili. Niliyekuwa namtafuta alikuwa kule, anacheza na wakubwa, tena anacheza vizuri, na hatazami tena kwenye waya.